Rosalind Franklin: picha yake ilisaidia kufungua siri ya ADN

Mwili wa mtu unaishi kwa sababu seli zake zinajigawa. Mbele ya kujigawa, seli inapashwa kwanza kukopia ADN yake yote, ni kusema maandishi yanayopita kutoka wazazi mpaka watoto. Rosalind Franklin ni kati ya watu waliosaidia dunia kujua namna kazi ile inafanyika.

Alizaliwa London, Uingereza, tarehe 25 Julai 1920. Alisoma kemia Cambridge, na wakati wa vita ya pili ya dunia alichunguza makaa ya mawe. Mwaka wa 1947 akaenda Paris, na huko ndiko alijifunza kutumia mionzi ya X ili kujua namna vitu vimepangwa ndani.

Januari 1951 alirudi London, kwenye King's College, wakampa kazi ya ADN. Yeye na Maurice Wilkins, mwenzake wa labo, hawakusikilizana: kila mmoja alifikiri kazi ni yake. Lakini Rosalind aliendelea. Mei 1952, yeye na mwanafunzi wake Raymond Gosling wakapata ile inayoitwa Picha 51. Ilikuwa na alama ya X, na kwa mtaalamu alama ile inaonyesha kamba iliyojisokota.

Januari 1953, Wilkins akaonyesha picha ile kwa James Watson wa Cambridge, bila kumuuliza Rosalind. Vipimo vyake vingine vikafika pia kwa Francis Crick. Aprili, Watson na Crick wakatangaza kama ADN ni nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Hapo namna ya kukopia ikaonekana: nyuzi zinaachana, kila moja inakuwa kipimo cha kutengeneza mwenzake mpya.

Rosalind alihamia Birkbeck College, akachunguza virusi vya mimea ya tumbako. Mwaka wa 1956 alikutwa na kansa ya ovari. Hakuacha labo. Alikufa tarehe 16 Aprili 1958, na miaka 37 tu.

Mwaka wa 1962, Watson, Crick na Wilkins wakapata Nobel, zawadi ile ambayo Daktari Mukwege wa Panzi alipata mwaka wa 2018 upande wa amani. Kwa kawaida, Nobel haipewi marehemu.

Aaron Klug, aliyetumika naye Birkbeck, alichunguza baadaye namna ADN, karibu meta 2 ndani ya seli moja, inazungushwa juu ya protini sawa uzi juu ya bobini, mpaka inaenea ndani ya kromozomu 46. Klug alipata Nobel yake mwaka wa 1982.

Kwenye kaburi la Rosalind, kule London, wameandika juu ya kazi yake ya virusi. Neno ADN haliko pale.