Bibi Rufaida wa Kabila la Aslam, Mwuguzi wa Msikiti wa Madina

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad na aali zake na masahaba wake wote.

Ama baad. Kijitabu hiki kinaeleza khabari za bibi mmoja katika masahaba, ambaye wengi wetu tunalisikia jina lake lakini mambo yake hatuyajui vema. Huyo ni Bibi Rufaida, radhi za Mungu ziwe juu yake. Yeye ndiye aliyekuwa na hema ya kuwauguza wagonjwa na majeruhi katika Msikiti wa Mtume, Madina. Waandishi wa zama hizi wamemwandikia mengi, na wengine wamempa maneno na safari ambazo hazina isnadi. Mimi nimewafuata waliotangulia: Ibn Ishaq katika Sira yake, Ibn Saad katika Tabaqat, na Imam Bukhari katika kitabu chake cha adabu. Hao hawakuandika mengi, lakini killa neno lao lina uzito, nasi yatutosha.

Kabila lake ni Aslam, nao ni tawi la Khuzaa. Walikuwa wakikaa katika njia iliyo baina ya Makka na Madina, wakasilimu, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akawaombea kheri. Katika vitabu vingine mwenye hema hii hutajwa kwa jina la Kuaiba binti Saad, naye pia ni wa Aslam. Baadhi ya maulamaa wakasema hao ni wawili, na wengine wakaona ni bibi mmoja aliyejulikana kwa majina mawili. Nafsi yangu imeelekea kauli hii ya pili, kwa kuwa kabila ni moja, kazi ni moja, na msikiti ni mmoja. Hata wakiwa wawili sifa yao haipungui, na aliye na dalili yenye nguvu zaidi aifuate.

Ibn Ishaq amemsifu kwa mambo mawili. La kwanza, alikuwa akiwatibu majeruhi. La pili, aliitoa nafsi yake kwa kutaka ujira wa Mwenyezi Mungu peke yake, akawakhudumia wale Waislamu waliokuwa hawana wa kuwaangalia. Ndugu msomaji, lizingatie hili la pili, kwani ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Killa mwenye kuzijua hospitali zetu anajua mgonjwa hutegemea nini. Sisi wa Mabwerebwere, mtu wetu akizidiwa, tunampeleka Kilosa au Mikumi, na nyuma yake huenda mama au dada mwenye chupa ya uji, mkeka na khanga ya kujifunika usiku. Huyo ndiye amwoshaye, amlishaye, amgeuzaye ubavu, na akimbiliaye mwuguzi dripu inapokwisha. Lakini yumo katika wodi hiyo hiyo mtu aliyeshushwa katika lori, ameumia barabarani, kwao ni mbali na hakuna amjuaye. Huyo hana chupa ya uji. Ukitaka kumjua mkuu wa wauguzi, hao wanaoitwa metroni, usitazame kitanda cha mtu mwenye jamaa wengi, kwa kuwa hicho kitakuwa safi hata kama metroni amelala. Kitazame kitanda cha yule mgeni. Je, amebadilishiwa shuka? Je, yuko mwuguzi aliyeambiwa kwa jina lake kwamba huyu ni wako mpaka asubuhi? Bibi Rufaida alianzia hapo. Watu wenye nyumba zao na jamaa zao walikuwa na pa kwenda, na hema yake ilikuwa ni ya wasiokuwa na mtu.

Sasa tuje kwenye khabari iliyomtia katika vitabu. Katika mwezi wa Shawwal, mwaka wa 5 wa Hijra, nao waafikiana na mwaka 627, Maquraishi na Ghatafan na walioungana nao waliijia Madina, idadi yao kama 10,000. Waislamu walikuwa kama 3,000. Kwa shauri la Salman Mfursi likachimbwa handaki upande uliokuwa wazi, na maadui wakazuilika ng'ambo. Vita ikawa ni ya mishale zaidi kuliko panga. Mshale mmoja aliutupa Hibban bin al-Ariqa katika Maquraishi, ukampata Saad bin Muadh katika mshipa mkubwa wa mkono.

Saad hakuwa mtu mdogo. Alikuwa bwana wa kabila la Aus, na siku aliposilimu, jamaa zake wote walisilimu kwa ajili yake. Mama yake, Bibi Kabsha, alikuwa hai. Alikuwa na nyumba, na watu wa Aus wasingaliona taabu hata kidogo kumwuguza bwana wao kwa zamu usiku na mchana. Juu ya hayo yote Mtume aliamuru apelekwe katika hema ya Rufaida, ndani ya msikiti, apate kumzuru kwa karibu.

Jambo hili nimelifikiri sana. Hema iliyowekwa kwa ajili ya wasiokuwa na mtu ndiyo aliyopelekwa mtu mwenye watu wengi kuliko wote. Lau uuguzi wa hema ile ungekuwa wa kubahatisha, kama ilivyo desturi ya vitu wanavyowekewa maskini, Saad asingepelekwa huko. Kwa hiyo twajua, bila ya kuambiwa na mtu, kwamba Bibi Rufaida hakuwa na uuguzi wa namna mbili, mmoja wa mabwana na mmoja wa wanyonge. Alikuwa na uuguzi mmoja, nao ulikuwa mwema hata ukamfaa bwana wa Aus.

Imam Bukhari amepokea kwamba Mtume alikuwa akipita kwa Saad jioni na asubuhi, akimwuliza ameshindaje na ameamkaje, naye Saad akimweleza hali yake. Mwenye kufanya kazi ya hospitali ataitambua desturi hiyo, kwani hata leo mkuu wa wauguzi hupita kitanda kwa kitanda asubuhi, na wa usiku humkabidhi wa mchana khabari za killa mgonjwa. Amiri wa jeshi aliyetoka handakini kwa uchovu na njaa hakumtuma mjumbe, alikwenda mwenyewe. Na hema yenyewe ilikuwa mbele ya macho ya watu wote waliokuja kusali. Siku hizi wagonjwa huwekwa penye utulivu, na hiyo ni haki, lakini penye utulivu uzembe nao hupata maficho.

Jeraha la Saad lilichomwa kwa moto ili damu ikatike. Hiyo ndiyo dawa iliyokuwako zama zile. Mkono ukavimba, ukachomwa tena. Maadui wa handaki wakaondoka, kisha yakafuata mazingira ya Bani Quraidha, ambayo Ibn Ishaq ameyahesabu siku 25, na muda huo wote Saad yumo hemani. Alipotakiwa kwenda kutoa hukumu, watu wake walimpandisha juu ya punda, wakamwekea mto wa ngozi, kwa kuwa alikuwa mzito wa mwili na mkono haukuwa umepona. Akahukumu, akarudishwa.

Baada yake jeraha likapasuka. Palikuwa na hema nyingine msikitini, ya watu wa Bani Ghifar, nao hawakujua lolote mpaka walipoona damu inawatiririkia. Walipotazama, wakamkuta ni Saad, na kwa jeraha hilo akafa, radhi za Mungu ziwe juu yake. Waganga wa leo wanalijua jambo hili: jeraha la mshipa likiingia uchafu huweza kupasuka tena baada ya siku nyingi, hali watu wanadhani linafunga.

Basi mgonjwa mkubwa kuliko wote aliyepata kuingia katika hema ile alifia mikononi mwa Bibi Rufaida. Sikuona katika vitabu kwamba alilaumiwa, wala kwamba hema ilivunjwa. Wako watu wetu ambao mgonjwa wao akifa humtafuta mwuguzi wa kumtukana mlangoni, kabla hata maiti hajaoshwa. Kuuliza ni haki, na mzembe ahukumiwe. Ama kumtukana aliyekesha na mtu wako siku 20 na zaidi, hilo halina asili katika mwendo wa Mtume.

Bibi Rufaida hakuwa peke yake katika kazi hii. Bibi Fatima, siku ya Uhud, alipoona maji yanazidisha damu katika jeraha la baba yake, alichoma kipande cha mkeka akaligandamiza kwa majivu yake, damu ikasita. Bibi Rubayyi binti Muawwidh amesimulia mwenyewe jinsi walivyokuwa wakiwanywesha watu maji vitani na kuwatibu majeruhi. Bibi Umm Atiyya alitoka katika vita saba, akipika, akiangalia mizigo na kuwauguza wagonjwa. Lakini hao walikwenda na vita na kurudi na vita. Wa Aslam ndiye aliyekuwa na mahali maalumu, pakijulikana, mgonjwa akipelekwa hapo kwa amri.

Mzee mmoja wa hapa kwetu alinijia madrasa baada ya alasiri, akaniuliza kama yafaa binti yake kusomea uuguzi. Alikuwa na khofu tatu: atagusa wanaume, atalala kazini, na siku moja huenda akawa mkubwa wa wanaume katika kazi hiyo. Khofu hizo si za kuchekwa, kwani ni za baba mwenye wivu wa dini. Jawabu ni kwamba Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, naye ndiye tegemeo la madhhab yetu, amehalalisha kutazama na kugusa kwa ajili ya kuumika na matibabu. Maulamaa wakaweka mipaka yake: asipatikane wa jinsia yake anayeweza, pasiwe na faragha, na isifunuliwe ila sehemu inayohitajiwa. Na Ibn Hajar wa Askalani, katika kuifasiri khabari ya Bibi Rubayyi, ametoa humo ruhusa ya mwanamke kumtibu mwanamume ajinabi wakati wa dharura. Kulala kazini ni amana ya njia na mahali, ayatazame hayo baba. Ama kuamrisha wodini si uimamu wa sala. Saad alikuwa bwana wa kabila, na ndani ya hema ile mwenye kujua jeraha lifungwe namna gani alikuwa ni Rufaida.

Tena tujiulize: mabinti zetu wasiposoma, ni nani atakayewafunika wake zetu siku ya kujifungua? Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, ameihesabu tiba katika fardhi kifaya, akawalaumu watu wa zama zake waliorundikana katika fiqhi na kuiacha tiba, hata ikawa miji mingine haina tabibu Muislamu. Na fardhi kifaya wakiiacha wote, wote hupata dhambi.

Katika mwambao wetu kuna mfano wa jambo hili. Sewa Haji Paroo, tajiri Muislamu wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, alitoa mali yake ikajengwa hospitali Dar es Salaam, na jina lake lingali katika jengo moja la Muhimbili. Mungu amlipe. Lakini katika zama zile waliouguza hospitalini walikuwa zaidi ni masista na mabibi wa Kizungu. Fedha tulikuwa nazo na tukazitoa, na mabinti tuliwaweka ndani. Leo mambo yamebadilika, na mabinti zetu wenye hijabu wamo mawodini, bara na pwani. Hata hivyo baba aliyenijia siye wa mwisho.

Watu wengi husema uuguzi ulianzishwa na Florence Nightingale, bibi wa Kiingereza aliyekwenda Uskudar, katika nchi ya Waturuki, mwaka 1854, na mabibi 38, kuwauguza askari, kisha mwaka 1860 akafungua chuo London. Alifanya kazi kubwa, na chuo chake kimewafaa wengi, wala hatumnyimi haki yake. Lakini hema ya Madina ilimtangulia kwa miaka zaidi ya 1,200.

Mwaka wa 7 wa Hijra Mtume alitoka kwenda Khaibar. Katika Tabaqat ya Ibn Saad imekuja kwamba bibi huyu wa Aslam, kwa jina lake la Kuaiba, alihudhuria vita hiyo, na Mtume akampa katika ngawira fungu kama la mwanamume. Madhhab yetu ni kwamba mwanamke aliyehudhuria vita hupewa kitu kwa kadiri aonavyo imamu, wala hapewi fungu kamili, na hivyo ndivyo ilivyo katika riwaya ya Ibn Abbas kwa Muslim. Wenye kuyakusanya mapokezi haya mawili huweza kusema kwamba alichopewa kilikuwa ni zawadi, nayo ikalingana na fungu la mpiganaji. Jina lake la Rufaida leo linaitwa chuo cha uuguzi katika Jamia Hamdard, Delhi, na huko Bahrain wanafunzi wa uuguzi wenye kufuzu hupewa tuzo yenye jina hilo hilo.

Wallahu aalam.