Egas Moniz, daktari wa kwanza kuona mishipa ya damu ndani ya kichwa cha mtu aliye hai

KABAMBARE – Mtu anarudi kutoka shamba jioni. Ghafla anashika kichwa, analalamika maumivu ambayo hajawahi kuyasikia tangu azaliwe, anatapika, kisha anaanguka. Kusini mwa jimbo la Maniema, kuanzia Kasongo hadi Kabambare, kifo cha namna hiyo huzua maneno kabla hata maiti haijazikwa: kalishwa sumu, karogwa na jirani, kuna deni la zamani.

Mara nyingine chanzo ni mshipa mmoja wa damu ndani ya kichwa. Ukuta wa mshipa huo ulidhoofika mahali fulani, ukavimba kama puto dogo, ukakaa hivyo miaka mingi bila kuuma, halafu siku moja ukapasuka. Madaktari wanauita uvimbe huo anevrizimu. Kati ya watu wazima 100, takriban 3 wanao, na wengi wao watazeeka bila kujua. Lakini ukipasuka, damu humwagika kuzunguka ubongo, na sehemu kubwa ya wagonjwa hufa au hubaki na ulemavu.

Leo, katika hospitali zenye vifaa, uvimbe huo unaweza kuzibwa kabla haujapasuka, bila kufungua fuvu. Kazi yote hiyo inasimama juu ya jambo moja: daktari lazima auone mshipa wenyewe wakati mgonjwa anapumua. Hadi mwaka 1927 hakuna aliyekuwa ameweza. Aliyefungua njia alikuwa Mreno, mwanasiasa aliyestaafu siasa, mwenye vidole vilivyokakamaa kwa ugonjwa.

António Egas Moniz alizaliwa tarehe 29 Novemba 1874 katika kijiji cha Avanca, kaskazini mwa Ureno, kwenye familia ya wenye mashamba. Egas Moniz halikuwa jina la ukoo wake. Padri mmoja wa ukoo, aliyemsimamia kwenye ubatizo na kushughulikia malezi yake, ndiye aliyelichagua, kwa heshima ya shujaa wa Ureno wa karne ya 12. Kijana alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Coimbra, akamaliza mwaka 1899, kisha akaenda Bordeaux na Paris kujifunza magonjwa ya mishipa ya fahamu kwa mabingwa wa Ufaransa wa wakati ule. Mwaka 1911 alipewa kiti cha uprofesa mjini Lisbon, akakikalia hadi 1944.

Lakini kwa muda mrefu udaktari haukuwa kazi yake ya kwanza. Aliingia bungeni mwaka 1903 akiwa na miaka 28, akapitia misukosuko ya ufalme unaokufa na jamhuri inayozaliwa, na akaonja jela kwa sababu za kisiasa. Mwaka 1917 alitumwa kuwa balozi nchini Hispania. Mwaka 1918 akawa waziri wa mambo ya nje, na vita vilipokwisha aliongoza ujumbe wa Ureno kwenye mkutano wa amani wa Paris, ule ule ambao baada yake makoloni ya Wajerumani yaligawanywa na Ruanda-Urundi ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji. Rais aliyemteua, Sidónio Pais, alikuwa ameuawa kwa risasi mwezi Desemba 1918. Kundi lao likaporomoka, na Moniz akaachana na siasa. Alikuwa na miaka kama 45, umri ambao watu wengi hungojea pensheni, na hakuwa bado amefanya ugunduzi wowote.

Tatizo alilolichagua lilikuwa likiwasumbua madaktari wote wa kichwa. Picha ya radio ilikuwepo tangu Röntgen alipoigundua mwaka 1895, lakini radio ya kichwa inaonesha mfupa tu. Ubongo hauonekani, damu haionekani. Mgonjwa alikuja na upofu unaozidi au mkono uliokufa, daktari akijua kuna kitu ndani, ila hakujua kama kiko kushoto au kulia. Huko Marekani, Walter Dandy alikuwa ameanza mwaka 1918 kuingiza hewa kwenye vyumba vya ubongo ili vionekane kwenye picha. Njia hiyo ilisaidia, lakini ilimtesa mgonjwa.

Moniz aliwaza hivi: damu hufika kila pembe ya ubongo. Ukitia ndani ya damu hiyo kitu kinachozuia miale ya radio, kisha ukapiga picha haraka kabla hakijapita, mishipa yote itajichora yenyewe, na kama kuna uvimbe unaoisukuma, utajulikana uko wapi. Wazo linaelezeka kwa sentensi mbili. Utekelezaji wake ulidai maisha ya watu.

Alianza na mbwa, kisha maiti. Vichwa vya maiti vilichomwa dawa mbalimbali na kupigwa radio, hadi ramani ya mishipa ya kawaida ikapatikana. Halafu wakaja walio hai, katika hospitali ya Santa Marta mjini Lisbon. Moniz mwenyewe hakuweza kushika kisu wala sindano kwa kazi nyeti kama hiyo, maana ugonjwa wa gauti ulikuwa umemharibu mikono tangu ujanani. Mikono iliyofanya kazi ilikuwa ya msaidizi wake kijana, Pedro Almeida Lima, na jina hilo linasahaulika upesi kuliko inavyostahili.

Dawa ya kwanza ilikuwa bromidi ya strontiamu, iliyochomwa kwenye mshipa mkubwa wa shingoni. Wagonjwa wa mwanzo hawakutoa picha ya maana. Kwa mgonjwa wa sita mishipa ilionekana kidogo, lakini damu yake iliganda na akafa. Moniz alisimamisha kazi. Aliporudi alikuwa amebadilisha dawa, sasa akitumia iodidi ya sodiamu ya asilimia 25. Tarehe 28 Juni 1927, kwa mgonjwa wa tisa, kijana wa miaka 20 mwenye uvimbe kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, picha ilitoka. Mishipa ilionekana wazi, imesukumwa kando na uvimbe, kama mizizi inayozunguka jiwe. Siku chache baadaye, mwezi Julai, Moniz alikuwa Paris akiwaonesha mabingwa waliomfundisha.

Yule mgonjwa wa sita hatajwi kwa jina katika vitabu. Katika miaka ile hapakuwa na kamati ya maadili wala karatasi ya ridhaa kama ilivyo sasa. Kila picha ya mishipa ya ubongo inayopigwa leo duniani inadaiwa na watu kama yeye.

Deni jingine lilikuja polepole. Kuanzia mwaka 1931 kundi la Lisbon lilianza kutumia dawa nyingine, Thorotrast, iliyotengenezwa kwa thoriamu. Picha zilikuwa nzuri mno na mgonjwa hakusikia maumivu. Lakini thoriamu ina mionzi na haitoki mwilini: hukaa kwenye ini na wengu maisha yote. Miaka 20 au 30 baadaye, wengi waliochomwa dawa hiyo katika nchi mbalimbali walipata saratani ya ini. Ilipoachwa, madaktari walirudi kwenye iodini.

Moniz alikuwa ameilenga njia yake, anjiografia, kwa uvimbe wa ubongo. Haikuchukua muda kugundulika kwamba inaonesha pia magonjwa ya mishipa yenyewe. Mwaka 1933 alitangaza picha ya anevrizimu ndani ya kichwa cha mtu aliye hai. Miaka minne baadaye, mjini Baltimore, Dandy yule yule wa hewa alifungua fuvu na kubana shingo ya anevrizimu kwa kibanio kidogo cha chuma. Ugonjwa ambao zamani ulijulikana zaidi kwa kumpasua maiti ulikuwa sasa unaonekana, na unatibika.

Kama maisha yake yangeishia hapo, jina la Moniz lingekuwa safi. Mwezi Novemba 1935, yeye na Almeida Lima walianza upasuaji mwingine kabisa: kutoboa fuvu na kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo ili kutuliza wagonjwa wa akili. Aliripoti mafanikio upesi, kwa wagonjwa wachache, bila kuwafuatilia muda wa kutosha. Wengine waliichukua kazi hiyo mbele zaidi, hasa Marekani, ambako ilifanywa kwa maelfu, na ikaacha watu wengi wakiwa kama vivuli vya nafsi zao. Dawa za akili zilipoanza kupatikana katika miaka ya 1950, upasuaji huo uliachwa kwa aibu.

Hata hivyo ndio uliompa tuzo ya Nobel mwaka 1949, akigawana na Mswisi Walter Rudolf Hess. Kwa anjiografia alikuwa amependekezwa mara kadhaa, akakosa. Kuna familia za wagonjwa zilizowahi kudai anyang'anywe tuzo hiyo, na kelele hizo zimefunika kazi ambayo ilistahili sifa kweli. Dunia ilimpa heshima kwa kazi mbovu na kumnyima kwa ile nzuri.

Mwaka 1939 mgonjwa mmoja wa akili alimpiga risasi kadhaa. Hakuwa miongoni mwa waliokatwa ubongo, ingawa simulizi hiyo hurudiwa mara nyingi. Moniz alipona, akaendelea kufanya kazi na kuandika. Kati ya maandishi yake kuna hata historia ya karata, mchezo alioupenda sana. Alifariki mjini Lisbon tarehe 13 Desemba 1955, akiwa na miaka 81. Nyumba ya familia yake Avanca ni makumbusho siku hizi.

Miaka miwili kabla ya kifo chake, Msweden Sven-Ivar Seldinger alionesha kwamba hakuna haja ya kuchoma shingo. Unaingia na sindano kwenye mshipa wa paja, unapitisha waya, kisha mrija mwembamba unaofuata waya huo. Kutoka pajani mrija unaweza kupanda hadi kichwani, daktari akiangalia safari yake kwenye skrini. Mwaka 1990, mjini Los Angeles, Mwitaliano Guido Guglielmi na wenzake walianza kupitisha ndani ya mrija huo nyuzi laini za platini, zinazojikunja ndani ya anevrizimu na kuijaza hadi damu isiingie tena.

Tatizo lilibaki kwa anevrizimu zenye mdomo mpana, maana nyuzi hudondoka na kurudi kwenye mshipa, ambako zinaweza kuziba njia ya damu. Jibu ni stenti, neli ndogo ya wavu wa chuma inayofunguliwa ndani ya mshipa mbele ya mdomo wa uvimbe. Wavu unazuia nyuzi zisitoke, na damu inapita katikati. Tangu mwaka 1997 njia hiyo imetumika kichwani.

Stenti ina masharti yake. Kwa kuwa ni chuma ndani ya mshipa, damu inaweza kugandia juu yake, kwa hiyo mgonjwa hunywa aspirini pamoja na dawa nyingine ya aina hiyo, kama klopidogreli, kuanzia kabla ya matibabu na kwa miezi kadhaa baadaye. Kwa mtu ambaye mshipa wake umekwisha kupasuka, dawa hizo ni hatari, maana zinachochea damu kuendelea kutoka. Ndiyo maana stenti inafaa zaidi kwa anevrizimu ambayo bado haijapasuka. Na si kila anevrizimu hutibiwa. Iliyo ndogo, kwa mtu asiye na dalili, mara nyingi huachwa na kufuatiliwa kwa picha, kwa sababu matibabu yenyewe yanaweza kuleta kiharusi. Daktari hupima ukubwa wake, mahali ilipo, umri wa mgonjwa na historia ya ukoo.

Kwa wakaaji wa mashariki mwa Kongo, matibabu ya namna hiyo yanamaanisha safari ya kwenda miji kama Nairobi au Dar es Salaam, kwa gharama ya maelfu ya dola. Kabla ya kufika huko inabidi anevrizimu iwe imeonekana, na hiyo inadai skaneri yenye dawa ya kuonesha mishipa. Kutoka Kabambare, skaneri iko mbali, kwa pikipiki na barabara zinazojulikana, ambazo nyakati nyingine hufungwa na mvua au na watu wenye silaha. Mashine ya kawaida ya radio, pale inapopatikana, inaonesha mfupa wa kichwa, kama ilivyomwonesha Moniz kabla ya Juni 1927.

Kinachowezekana kwenye kituo cha afya ni kupima tansio. Tansio ya juu isiyotibiwa na uvutaji wa sigara ni kati ya mambo makubwa yanayofanya mishipa hiyo ivimbe na kupasuka, na vyote viwili vinaweza kushughulikiwa bila skaneri. Familia ambayo ndugu wawili wa karibu wamekufa kwa mshipa uliopasuka kichwani ina sababu ya kumweleza daktari, hata kama walioitwa msibani walisema mengine. Na maumivu ya kichwa yanayolipuka kwa sekunde chache, makali kuliko yote, ni ya kupelekwa hospitali saa ile ile, kwa sababu mara nyingine mshipa huvuja kidogo kabla ya kupasuka mara ya pili.

Mgonjwa anayefanikiwa kufika kwenye mashine, iwe Nairobi au Lisbon, atalazwa chali, atachomwa dawa kwenye mshipa, atasikia joto likipanda mwilini kwa muda mfupi, na picha zitaanza kupigwa. Dawa iliyomo kwenye bomba la sindano imeboreshwa mara nyingi tangu enzi za Santa Marta, lakini kinachozuia miale ndani yake bado ni iodini.