Edgeworth na Mizani ya Raha

Kila mwanafunzi wa uchumi amepata kuchora ule mstari uliopinda unaoonyesha michanganyiko ya bidhaa mbili inayomridhisha mnunuzi sawasawa. Aliyeubuni mstari huo, Francis Ysidro Edgeworth, hakuanza na hesabu. Alianza na lugha.

Alizaliwa mwaka wa 1845 huko Edgeworthstown, Ireland, kwa mama Mkatalani. Alisomea Kigiriki na Kilatini katika vyuo vikuu vya Dublin na Oxford, kisha akasomea sheria na kuidhinishwa kuwa wakili mwaka wa 1877. Hisabati alijifundisha mwenyewe, jambo linalofaa kuwafariji wanaodhani kuwa lugha na hesabu haziwezi kukaa katika kichwa kimoja. Mwaka wa 1881 alichapisha kitabu chake Mathematical Psychics, na humo ndimo mstari ule ulimozaliwa. Mfano wake ulikuwa Robinson Crusoe na Friday: huyu atoe kazi kiasi gani, na yule ujira kiasi gani, hata wapatane.

Hata hivyo, Edgeworth aliamini kwamba raha hupimika kama mahindi kwenye mizani. Aaminiye hivyo hakawii kuuliza ni nani ajaliwaye uwezo mkubwa zaidi wa kuionja. Naye alijibu kuwa wanaume huwashinda wanawake, na wenye nasaba na vipaji huwashinda makabwela. Ubaguzi wa enzi yake ukavishwa joho la hesabu.

Fani yenyewe ndiyo iliyomsahihisha. Mwaka wa 1906 Vilfredo Pareto, Mwitalia, alionyesha kwamba si lazima kupima raha. Yatosha kujua mtu anapendelea kipi kuliko kipi. Mwaka wa 1934 John Hicks na Roy Allen waliukamilisha msingi wa kipimo tunachokifundisha leo: mtu yu radhi kuacha sukari kiasi gani ili aongezewe kilo moja ya unga? Kadiri unga unavyozidi nyumbani mwake, ndivyo sukari anayokubali kuiacha inavyopungua. Kipimo hicho humlinganisha mtu na nafsi yake tu. Hakina neno juu ya jirani yake.

Edgeworth alikuwa profesa Oxford tangu 1891 hadi 1922, akafariki mwaka wa 1926. Walimu wasiufundishe mstari wake bila kuusimulia mkasa huu. Mwanafunzi aliyeusikia atajihadhari kila anapoletewa tarakimu zinazodai kwamba njaa ya maskini ni nyepesi kuliko ya tajiri.