Amedeo Obici: Mchuuzi wa karanga aliyejenga kiwanda

KARANGA ni bidhaa ambayo wengi huiona ndogo. Huuzwa kwa kijiko, kwa kikombe au katika karatasi iliyokunjwa, na anayezitembeza huonekana kama mtu aliyekosa kazi ya maana. Lakini maisha ya Amedeo Obici, mwanzilishi wa kampuni ya Planters ya Marekani, yanaonyesha kuwa biashara hiyo ikishikwa vizuri inaweza kumtoa mtu mbali.

Obici alizaliwa mwaka 1877 katika mji wa Oderzo, kaskazini mwa Italia. Baba yake alifariki dunia angali mdogo, na mwaka 1889 alipelekwa Marekani kuishi kwa mjomba wake katika jimbo la Pennsylvania. Alifika akiwa hajui Kiingereza.

Alifanya vibarua, vikiwemo vya kwenye vibanda vya matunda, huku akiweka akiba kidogo kidogo. Hatimaye alifungua kibanda chake katika mji wa Wilkes-Barre na kununua mashine ya kukaangia karanga kwa dola 4.50. Harufu ya karanga za moto ndiyo iliyomwitia wateja.

Hata hivyo, wauza karanga walikuwa wengi, na mteja wa leo angeweza kwenda kwa mwingine kesho. Obici akatafuta njia ya kumrudisha. Ndani ya kila paketi aliweka herufi moja ya jina lake, na aliyekusanya herufi zote za jina hilo alipewa zawadi ya saa. Watu wakawa wananunua karanga zake na si karanga tu.

Mwaka 1906 aliungana na Mwitaliano mwenzake, Mario Peruzzi, wakaanzisha Planters, ambayo ilisajiliwa kuwa kampuni mwaka 1908. Wakati wengi wakiuza karanga zenye maganda, wao walitoa karanga nzima zilizoondolewa ngozi nyekundu, zikakaangwa, kutiwa chumvi na kufungwa katika paketi yenye jina.

Uamuzi mzito zaidi ulikuja mwaka 1913, alipojenga kiwanda Suffolk, jimbo la Virginia, katikati ya wakulima wa karanga. Kiwanda kilicho mbali na shamba hutegemea watu wa kati, nao ndio hupanga bei na ubora. Kwa kusogea karibu na mkulima, Obici alipata malighafi bila mlolongo mrefu.

Mwaka 1916 kampuni iliendesha shindano la kutafuta nembo. Mchoro wa mwanafunzi mmoja wa Suffolk ndio ulioshinda, na ukawa chanzo cha Mr. Peanut, nembo inayojulikana hadi leo.

Katika miaka ya 1930, uchumi wa Marekani ulipoporomoka, paketi ya senti 5 ilitangazwa kuwa chakula cha mchana cha mtu wa kipato kidogo. Hesabu hiyo ndiyo iliyoendesha pia mashine za kutumbukiza sarafu zilizotoa karanga kiganja kimoja kimoja: kipimo kidogo, bei ndogo, wanunuzi wengi.

Mkewe, Louise, alifariki dunia mwaka 1938. Obici naye alifariki mwaka 1947, akiacha mali iliyowezesha kujengwa kwa hospitali yenye jina la mkewe mjini Suffolk, iliyofunguliwa mwaka 1951.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, somo liko wazi. Karanga isiyo na jina haina mteja wa kudumu. Faida kubwa zaidi iko katika kuchambua, kukaanga na kufungasha kuliko katika kuuza gunia. Jina nalo hulindwa kwa ubora, kwani karanga zilizohifadhiwa na unyevu huota ukungu na kuleta sumukuvu. Mteja akidhurika mara moja, paketi nzuri haitamrudisha.