Padri Kayoya na nyayo za baba yake

Kila inapokaribia tarehe 29 Aprili, hapa Rumonge wazee hupunguza sauti. Mfanyabiashara anayepakia mawese kwenda Kigoma huenda asijue sababu. Sisi tuliorudi kutoka ukimbizini tunaijua, na ndiyo maana leo namkumbuka Padri Michel Kayoya.

Alizaliwa mwaka 1934 huko Kibumbu, katika milima ya Mwaro, mbali na joto letu la ziwani. Alipata upadri mwaka 1962, mwaka ule ule Burundi ilipojipatia uhuru. Alisoma nyumbani na Ulaya, lakini elimu hiyo haikumfanya adharau alikotoka. Mwaka 1968 alitoa kitabu cha Kifaransa, Sur les traces de mon père, yaani kufuata nyayo za baba yangu. Humo aliwaonyesha vijana kwamba utu, heshima na haki walivyovijua wazee wetu si vitu vya kutupwa kwa sababu mzungu kaja na vyake. Baadaye alitoa kitabu cha pili, kuhusu kizazi kilichosimama kati ya dunia mbili.

Mimi nilizaliwa Tanzania, nikasoma kwa Kiswahili katika makazi ya Mishamo. Tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha kwanza ilitoka Nairobi mwaka 1973, mwandishi akiwa tayari kaburini. Nakala iliyochakaa ya mwalimu wangu ilinifikisha Burundi kabla miguu yangu haijafika.

Tarehe 29 Aprili 1972 waasi wa Kihutu walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini, wakaua Watutsi wengi. Serikali ya Rais Michel Micombero ilijibu kwa kuwasaka Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, watumishi wa serikali, mapadri. Watu waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Wengine, wakiwemo wazazi wangu, walivuka ziwa kwa mitumbwi usiku.

Padri Kayoya hakuvuka. Alikamatwa, na mwezi Mei akauawa huko Gitega pamoja na wengine, akiwa na miaka 37. Husimuliwa kwamba alikwenda kifoni akiimba wimbo wa Bikira Maria. Miili ilitupwa katika makaburi ya pamoja kando ya mto Ruvubu. Mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya huko, ikapata mabaki ya watu zaidi ya 6,000.

Wapo wanaouliza kama huyu ni shahidi, maana hakuambiwa aikane dini. Aliuawa kwa kuwa Mhutu aliyesoma. Lakini mwezi Juni 2019 Kanisa lilifungua rasmi kesi yake miongoni mwa mashahidi wa undugu, pamoja na waseminari 40 wa Buta waliouawa mwaka 1997 kwa kukataa kutengana kikabila, na wamisionari watatu waliouawa mwaka 1995 Buyengero, jirani yetu hapa.

Niliporudi mwaka 2009, nilikuta familia nyingine inalima michikichi ya babu yangu. Baada ya maneno mengi tuligawana shamba. Miaka michache baadaye mtoto wa familia ile aliingia darasani kwangu. Siku niliyofundisha habari za Kayoya, alinyoosha mkono akauliza kwa nini namtaja padri peke yake, wakati babu yake naye aliuawa mwaka huo huo, na waasi, hapa hapa Rumonge.

Nilikosa jibu. Usiku ule nilikifungua tena kitabu, nikaona aibu, kwa sababu baba anayeelezwa mle asingehesabu wafu wa nyumba moja tu.

Kesho yake nilianza somo kwa kumwomba mtoto yule atutajie jina la babu yake. Tangu hapo, kila Aprili, darasa langu huanza hivyo: kila mtoto hutaja wake, kisha ndipo tunafika kwa Padri Kayoya.