John Harrison, seremala aliyewapa mabaharia saa ya nyumbani

Leo simu yako inajiweka saa yenyewe kwa kuuliza kompyuta nyingine kupitia mtandao. Karne tatu zilizopita, kupata saa moja sehemu mbili zilizo mbali lilikuwa suala la kufa na kupona.

Mwaka 1707, meli nne za kivita za Uingereza ziligonga miamba ya visiwa vya Scilly. Watu zaidi ya 1,000 walikufa. Manahodha hawakujua walipokuwa.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa. Kama kwako jua liko utosini, saa sita mchana, na bandarini ulikotoka ni saa nane, basi umeenda magharibi nyuzi 30. Tatizo? Saa za enzi hizo ziliyumbishwa na mawimbi, joto na baridi, na katikati ya bahari hakuna wa kumuuliza.

Mwaka 1714 Bunge likatangaza zawadi ya hadi pauni 20,000. Wasomi wengi walitafuta jibu kwenye mwezi na nyota. John Harrison, aliyezaliwa Yorkshire mwaka 1693, alilitafuta kwenye saa. Alikuwa seremala, mtoto wa seremala.

Saa yake ya kwanza ya baharini ilikamilika 1735. Ya tatu peke yake ilimla miaka 19! Ya nne, ya mwaka 1759, ilikuwa na upana wa sentimita 13 tu. Mwanawe William aliondoka nayo kwenda Jamaica mwaka 1761. Baada ya siku 81 ilikuwa imechelewa sekunde tano hivi.

Lakini pesa hazikutoka. Bodi iliyosimamia zawadi ilihisi ni bahati tu, ikataka jaribio jingine. Mzee akapewa nusu mwaka 1765, tena baada ya kuifungua saa na kueleza siri yake yote. Mwaka 1772 Mfalme George III aliijaribu mwenyewe saa ya tano, na mwaka uliofuata Bunge likamlipa Harrison pauni 8,750. Alikuwa na miaka 80.

Mwaka 1775 nahodha James Cook alirudi kutoka safari ya miaka mitatu akiisifia nakala ya saa ya nne. Harrison alifariki London Machi 24, 1776, akiwa ameshajua kwamba saa yake inafanya kazi.