Fangio: Mcheza mpira mwenye matege aliyejifunzia udereva kwenye magari ya watu

DEREVA hasahau gari alilojifunzia. La pili na la tatu yanaweza kumtoka kichwani, lakini lile la kwanza analikumbuka mpaka harufu ya viti vyake na ile gia iliyokuwa ikigoma kuingia. Na kwa walio wengi gari hilo halikuwa lao. Lilikuwa la mjomba, la bosi, au la mteja aliyeliacha gereji akaambiwa alifuate jioni.

Juan Manuel Fangio alianza hivyo hivyo. Kabla Michael Schumacher hajampita mwaka 2003, hakuna dereva aliyekuwa na mataji mengi ya dunia ya Formula One kumzidi Muargentina huyu. Alichukua matano: 1951, 1954, 1955, 1956 na 1957. Ila ukiyafuatilia maisha yake tangu utotoni utaona kwamba karibu kila gari lililomvusha hatua moja kwenda nyingine lilikuwa la mtu mwingine. Na kabla ya magari, bwana huyu alikuwa mtu wa mpira.

MTOTO WA GEREJI

Fangio alizaliwa Juni 24, 1911 katika mji wa Balcarce, kusini mwa Buenos Aires, eneo linalosifika kwa kilimo cha viazi. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Italia. Baba alikuwa fundi mwashi, na nyumba ilikuwa na watoto sita. Kwa familia ya namna hiyo, miaka ile, gari lilikuwa kitu cha kulitazama likipita.

Shule hakukaa nayo sana. Alianza mapema kushinda gereji, akawa saidia fundi. Huko ndiko alikoshika usukani kwa mara ya kwanza, akiwa bado mtoto. Gari lenyewe lilikuwa Panhard Levassor, la Kifaransa, kuukuu tayari kwa wakati huo.

Usidhani ni gari kama haya unayoyajua. Panhard lile halikuwa na shafti ya kupeleka nguvu nyuma. Lilikuwa na mnyororo unaozungusha magurudumu ya nyuma, kama baiskeli. Na gia za enzi hizo hazikuwa na kitu cha kuzilainisha. Ukiingiza gia kabla mwendo wa injini haujalingana na wa gia yenyewe, meno yanasagana na gereji nzima inageuka kukutazama. Kwa hiyo dereva alibadili gia kwa kusikiliza. Injini ikiimba sauti fulani, unaingiza. Ikiimba nyingine, unasubiri.

Sasa weka na hili: gari ni la mteja. Mtoto wa fundi mwashi akimharibia mtu gari, nani atalipa? Kila aliyewahi kupewa funguo za gari la watu anaijua hofu hiyo. Unaendesha huku moyo uko kwenye gia, masikio yako kwenye injini, macho yako kwenye kona ya ukuta. Wengine hofu hiyo huwafanya wawe waoga. Fangio ilimfanya awe msikivu.

Baadaye alifanya kazi kwa Miguel Viggiano, aliyekuwa wakala wa magari ya Studebaker pale Balcarce, na huko ndiko alikoiva kiufundi. Gari la kwanza la kwake mwenyewe, aina ya Overland, alilipata akiwa huko, kama malipo ya kazi yake. Barabara za eneo lile zilikuwa za udongo, na mvua ikinyesha zilikuwa tope tupu. Gari likianza kuteleza, ukikanyaga breki kwa pupa umekwisha. Unaliacha liteleze kidogo, unalirudisha taratibu kwa usukani na mafuta. Ulaya ilikuja kuushangaa ujuzi huo miaka mingi baadaye.

MATEGE

Jioni na mwisho wa wiki Fangio alikuwa uwanjani. Miguu yake ilikuwa na matege, na badala ya kuwa kilema ikawa silaha. Alikuwa na namna ya kuuzungushia mpira mguu wa kushoto na kupiga golini ambayo mabeki hawakuizoea. Ndipo alipopewa jina la El Chueco, yaani Matege. Dunia nzima ya magari ilikuja kumwita kwa jina hilo, na wengi hawakujua kwamba lilitoka kwenye soka.

Mpira nusura umuue. Akiwa kijana, baada ya mechi aliyokimbia mno, alishikwa na maumivu makali ya kifua. Ikawa homa ya mapafu, akalala kitandani miezi miwili huku mama yake akimuuguza. Wakati huo hapakuwa na dawa za kuua vijidudu kama za leo. Aliyepona, alipona kwa matunzo na kudra.

Mwaka 1932 akaitwa jeshini kwa lazima, kambi ya Campo de Mayo karibu na Buenos Aires. Haikuchukua muda kabla mkuu wake hajagundua kwamba kuruti huyu anaendesha kuliko wengine, akamfanya dereva wake. Gari la watu tena, safari hii la serikali.

Alipotoka jeshini alirudi Balcarce akiwa na nia ya kuendelea na soka. Yeye na rafiki yake José Duffard wakapata ofa ya kwenda kuchezea klabu ya Mar del Plata, mji mkubwa wa pwani. Hapo ndipo maisha yangeweza kugeuka. Angekwenda, pengine leo angekuwa jina dogo kwenye orodha ya wachezaji wa zamani wa mji ule. Lakini wenzake wa timu ya nyumbani hawakutaka aondoke. Walimshawishi abaki na afanye ile kazi anayoipenda ya kuunda gari, na wazazi wake wakampa nafasi kwenye kibanda pale nyumbani. Soka ikapoteza mchezaji kwa sababu wachezaji wenzake walimpenda.

TEKSI YA BABA WA RAFIKI

Oktoba 1936, mashindano yanafanyika Benito Juárez. Fangio ana miaka 25 na hana gari la mashindano. Anachopata ni Ford A. Gari hilo ni teksi, mali ya baba wa rafiki yake.

Fikiria hapo. Teksi ni ugali wa mtu. Vijana wakalivua bodi, wakalipunguza uzito, wakaenda nalo kwenye mashindano. Fangio hakujiandikisha kwa jina lake, alitumia jina Rivadavia, ambalo ni la klabu ya mpira ya Balcarce. Hata alipouacha mpira, mpira haukumwacha. Mwisho wa siku injini ilikufa kabla ya mstari wa mwisho. Ndivyo ilivyoanza safari ya bingwa mara tano wa dunia: na teksi ya kuazima iliyovunjikia njiani.

Angeweza kuishia pale. Ila Balcarce ilikuwa imeona kitu. Watu wa mji, wakiwemo wale aliokuwa akiwatengenezea magari, walichanga fedha akanunuliwa Chevrolet. Mwaka 1940 alishinda mashindano makubwa ya kutoka Buenos Aires hadi Lima, Peru, na kurudi. Ni karibu kilomita 10,000, kupanda na kushuka milima ya Andes, barabara nyingi za vumbi na mawe, na likiharibika unalitengeneza wewe mwenyewe. Hapo yule mtoto wa kusikiliza gia alikuwa nyumbani. Alichukua ubingwa wa Argentina mwaka huo na uliofuata, kabla vita vya dunia havijakata mafuta na matairi na mashindano yakasimama.

USIKU WA PERU

Kuendesha cha watu kuna upande mwingine. Oktoba 1948 Fangio alikuwa kwenye mashindano ya kutoka Buenos Aires kwenda Caracas, Venezuela, pamoja na msaidizi wake Daniel Urrutia. Walipofika Peru, gizani, gari lilitoka barabarani na kubingirika. Fangio alipona. Urrutia alifariki.

Gari linaweza kutengenezwa, mtu hawezi. Fangio alikuwa na miaka 37, umri ambao wanasoka wengi wameshatundika daluga, na alifikiria kuacha kabisa. Hakuacha, lakini toka hapo ni vigumu kukuta mashindano ambayo alikwenda kasi kuliko ilivyohitajika. Isipokuwa siku moja, ambayo tutaifikia.

ULAYA

Mwaka ule ule wa 1948 alikuwa ameshaonja Ulaya, kwa mara ya kwanza pale Reims, Ufaransa. Mwaka 1949 chama cha magari cha Argentina kikampeleka rasmi, na kwa mara nyingine hakuwa na gari lake. Alishinda mfululizo mpaka Alfa Romeo wakamchukua kwa msimu wa 1950, msimu wa kwanza wa ubingwa wa dunia. Alimaliza wa pili, na mwaka uliofuata akawa bingwa akiwa na miaka 40.

Juni 1952 alifanya jambo ambalo dereva yeyote wa safari ndefu atalielewa. Aliahidi kushindana Monza, Italia, siku moja baada ya mashindano ya Ireland ya Kaskazini. Usafiri wa ndege ukamkwama Paris, akaendesha gari usiku kucha kuvuka milima ya Alps, akafika muda mfupi kabla ya kuanza. Kwenye mzunguko wa pili akakosea kona, akarushwa nje na kuvunjika shingo. Msimu wake ukaishia pale. Uchovu haujali jina.

Alirudi, akachukua mataji manne mfululizo akiwa na Maserati, Mercedes, Ferrari na Maserati tena. Hakuwa mtu wa timu moja. Popote palipokuwa na gari zuri alikwenda, na mafundi walimpenda kwa sababu alikuwa fundi mwenzao.

COLLINS AMPA GARI

Monza tena, Septemba 1956, mashindano ya mwisho ya msimu. Ferrari la Fangio likaharibika usukani, na ubingwa ulikuwa hatarini. Kanuni za wakati ule ziliruhusu dereva kuchukua gari la mwenzake wa timu katikati ya mashindano na kugawana pointi. Mwingereza Peter Collins, kijana wa miaka 24, naye alikuwa na nafasi ya kuwa bingwa siku hiyo. Aliingia kubadili matairi, akamwona Fangio amesimama bila gari. Akashuka, akampa lake.

Fangio alimaliza wa pili na taji likawa lake. Gari la watu tena, na safari hii mwenye gari alitoa na ubingwa wake ndani. Collins aliamini kwamba muda wake ungefika. Haukufika. Alifariki kwenye ajali pale Nürburgring, Ujerumani, Agosti 1958.

Ni Nürburgring hiyo hiyo ambako mwaka mmoja kabla, Agosti 4, 1957, Fangio aliendesha ile siku moja ya kupitiliza. Alianza na nusu ya mafuta ili gari liwe jepesi, akapanga kuingia kujaza na kubadili matairi. Mafundi wakachelewa, akarudi barabarani akiwa nyuma sana ya Ferrari mbili, za Collins na Mike Hawthorn. Mzunguko baada ya mzunguko, na mmoja ulikuwa zaidi ya kilomita 22, alivunja rekodi aliyokuwa ameiweka yeye mwenyewe. Aliwapita wote wawili kwenye mzunguko wa kabla ya mwisho, akashinda kwa sekunde zisizofika nne. Alikuwa na miaka 46. Mwenyewe alikiri baadaye kwamba hakuwahi kuendesha vile na hakutaka kurudia.

GIA BILA KLACHI

Februari 1958 alitekwa kwenye hoteli mjini Havana na wapiganaji wa Fidel Castro, waliotaka dunia iwasikie. Mashindano yalifanyika bila yeye, gari lake akapewa Mfaransa Maurice Trintignant. Walimwachia siku iliyofuata bila kumdhuru, na Fangio hakuwawekea kinyongo.

Julai mwaka huo alirudi Reims, pale pale alipoanzia Ulaya. Mapema kwenye mashindano pedali ya klachi ya Maserati yake ikakatika. Dereva mwingine angeingiza gari ndani. Fangio aliendelea mpaka mwisho kwa kusikiliza injini na kuingiza gia bila klachi, akamaliza wa nne. Hawthorn, aliyekuwa akiongoza, alikuwa na nafasi ya kumzunguka mzunguko mzima, akapunguza mwendo ili mzee amalize kwa heshima. Hayo yakawa mashindano yake ya mwisho ya ubingwa wa dunia. Alianza 51, akashinda 24.

Fangio alifariki Julai 17, 1995 akiwa na miaka 84, akazikwa Balcarce. Mji ulikuwa umeshamjengea makumbusho tangu 1986, na ndani yake yamepangwa magari ya aina aliyoendesha, kuanzia yale ya barabara za vumbi hadi yale ya Ulaya. Wale waliomchangia Chevrolet wengi wao walikuwa wameshatangulia. Wajukuu wao ndio wanaopokea wageni leo.